Mbwa Aliyeagwa

Hapo zamani, lakini si zamani ya mababu, katika milima ya Upare palikuwa na nyumba ya kuwatunza mbwa wasio na wenyewe. Siku moja akafika hapo msichana aitwaye Sekela. Alikuwa ametoka Tukuyu, akisafiri peke yake, bila ndugu wala rafiki, aione nchi yake. Aliposikia mbwa wakibweka aliingia, akaomba kazi. Hakutaka malipo. Alitaka kusaidia tu.

Wenyeji wa nyumba hiyo walikuwa wawili. Mzee Mbonea alishika lango, Mama Elisifa, shemeji yake, alishika sufuria.

"Umewazoea mbwa, mwanangu?" Mama Elisifa akamwuliza.

"Nawaogopa kidogo, mama."

"Basi mtaelewana na Kungu. Yeye anawaogopa watu sana."

Kungu alikuwa mbwa wa kijivu aliyelala akiutazama ukuta. Watu waliwahi kumpiga, na hakutaka kuwaona tena. Sekela akakaa karibu naye. Leo akakaa, kesho akakaa, keshokutwa akakaa. Mbwa akageuza sikio. Akageuza kichwa. Akala ugali mkononi mwake. Kisha, asubuhi moja, akabweka.

"Kumbe ana sauti," akasema Mzee Mbonea. "Mimi nilidhani tumeletewa kondoo."

Sauti hiyo ilikuwa na mtu aliyeingoja. Bibi Nakijwa, mjane wa bondeni, alikuwa na shamba la mahindi, na nyani walishuka kulivuna kabla yake. Macho yake yalikuwa yamefifia. Hakuweza kuwaona hadi wameshashiba. Mwaka uliopita alilala njaa. Safari hii aliahidiwa Kungu, na mahindi yalikuwa yameanza kukomaa.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Mgeni aliyekuja kusaidia huondoka mbwa wakiwa wanakula, wala haagi mbwa yeyote. Ukiaga mbwa, atakufuata. Sekela aliambiwa hivyo tangu siku ya kwanza, naye aliitikia.

Siku ya kuondoka ikafika. Sekela akafunga begi lake, mbwa wakawekewa chakula. Lakini miguu ikawa mizito. Kwao alilelewa akiambiwa kwamba mgeni asiyeaga ni sawa na mwizi. Akarudi bandani, akachuchumaa, akasema polepole, "Kwaheri, Kungu." Mbwa akainua kichwa kutoka kwenye bakuli.

Mama Elisifa naye akasema, "Mgeni haondoki mikono mitupu." Akamfungia kitambaani viazi na dagaa wa kukaanga. Harufu yake ilijaa uani.

Mzee Mbonea naye akasema, "Mgeni husindikizwa." Akambebea begi hadi barabarani, wakizungumza na kucheka, na lango akaliegesha tu.

Gari lilipokuwa linasimama, Kungu akatokea mbio. Dereva akapiga honi. Kungu akaruka pembeni, akapenya msituni, ukungu ukamfunika.

Walimwita. Hakubweka. Gari likaondoka, Sekela akabaki. Mama Elisifa akaja na mwiko bado mkononi, wakatafuta wote watatu hadi jua likawa utosini. Hata unyoya hawakuuona.

"Ni mimi," akasema Sekela. "Nilikatazwa kuaga, nikaaga."

"Hata ungeaga mara mia, kama lango lingekuwa limefungwa angebaki ndani," akasema Mzee Mbonea. "Kazi yangu ni lango. Ni mimi."

"Nyie mnagombea kosa kama watu wanaogombea nyama," akasema Mama Elisifa. "Mbwa hafuati kwaheri, shemeji. Anafuata dagaa. Ni mimi."

Sekela alichanganyikiwa. Angenyamaza bila kuaga, angekuwa mtu gani? Mama angemwacha aende na njaa, wangemsema. Mzee angemwonyesha njia kwa kidole, wangemsema. Kila mmoja alitenda lililo jema, na mema yale yakakutana mahali pamoja, yakafungua mlango.

"Mmoja wetu ashuke kwa Bibi Nakijwa," akasema Mzee Mbonea.

"Mimi naona hata yeye ana kosa lake," akasema Mama Elisifa. "Jumatatu alikuja hapa na kamba yake. Nikamwambia, mchukue. Akaniambia, 'Mwacheni mgeni amalize naye siku zake. Wamependana. Nitamfuata mbwa, mgeni akishaondoka.' Angemchukua siku ile, leo angekuwa shambani."

Sekela hakuwa akijua. Ikiwa wema wa yule bibi nao ni kosa, basi kosa ni nini?

Wakiwa bado wamesimama, wakamwona Bibi Nakijwa mwenyewe akipanda kilima, kamba begani, bakuli jipya mkononi, akipapasa njia kwa fimbo. Akatambua sauti zao.

"Sekela, mwanangu, hujaondoka?" akaita. "Kumbe umenisubiri, unikabidhi Kungu kwa mkono wako. Mungu akubariki. Yuko wapi basi?"

Wote watatu wakavuta pumzi ya kusema.

Haya, nyinyi mliokaa hapa na kusikiliza. Kuna aliyeaga, kuna aliyefunga chakula, kuna aliyesindikiza, na kuna aliyemwachia mgeni mbwa wake. Je, kosa lilikuwa la nani? Na ni nani aliyestahili kumjibu Bibi Nakijwa?