Kitabu Kilicholiwa na Mchwa

Sogeeni karibu, na anayeogopa amshike mwenziwe mkono, maana haya ninayoyasimulia hata mimi hunisisimua mwili. Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Mardhuku bin Ghalibu, na kidoleni mwake alivaa pete ya akiki aliyorithi kwa babu zake, na kwa nguvu ya pete hiyo jini Harjafu alikuwa amefungwa ndani ya Nyumba ya Vitabu ailinde hazina ya elimu. Na kila upweke ulipomzidi, jini alitikisa misingi ya mji hata kuta zikapasuka na watoto wakafa chini ya dari. Ndipo ikatoka amri kwamba kila Ijumaa, baada ya sala, mtu mmoja aingie akampendekezee kitabu.

Sita waliingia, na sita wakageuka mawe, na mawe yao yakasimama mlangoni. Waziri alidhani vitabu vilikuwa vyembamba mno kwa hadhi ya jini, basi kila Ijumaa akachagua kinene zaidi, leo historia ya wafalme, wiki ijayo elimu ya falaki, na aliyeamriwa akakibeba bila kukifungua. Msishangae. Watu wa Zumaridi ndivyo walivyokuwa, walisifu kitabu kwa uzito wake na kukirudisha rafuni kabla ya ukurasa wa kumi, na wanazuoni wao ndio waliozidi.

Jiwe la sita lilikuwa Idarusi, mnakili wa vitabu, mchumba wa muuza vitabu Salha binti Mahfudhi. Salha akaenda barazani akapiga magoti mbele ya Sultani.

"Seyyid yangu, Ijumaa hii nipeleke mimi, na kitabu nitakichagua mwenyewe."

"Una wazimu, binti?" akauliza Waziri.

"Mchumba wangu yuko pale mlangoni, ndege wanamchafua kichwa. Wazimu ni mimi kukaa nyumbani."

Sultani akainamisha uso, akaridhia.

Salha akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake. Jini alikuwa ameujaza ukumbi kutoka sakafuni hadi kubani, na pumzi yake ilinuka ngozi ya vitabu iliyoungua. Salha akakikumbatia kitabu alichokuja nacho. Lakini desturi ya dukani kwake haikumtoka, maana hakupata kumpa mtu kitabu kabla hajamuuliza.

"Bwana wangu," akasema kwa sauti iliyokauka, "kabla sijakupa kitu, niambie, umechoshwa na nini?"

Jini akamwinamia. "Miaka mia tatu, na wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza. Nimechoshwa na vitabu vya watu walio huru."

Salha akatoa kitabu chembamba, hadithi ya mwanamke aliyefungiwa ndani ya kisima kikavu. "Basi chukua hiki. Kizuri mwanzo mpaka mwisho."

Maneno hayo aliwaambia wateja kila siku, na sasa yakamponyoka. Papo hapo vidole vya miguu vikafa ganzi, na alipotazama chini akaona jiwe linapanda, visigino, kisha magoti. Akaelewa kilichowapata wenzake, waliosifu vitabu wasivyovisoma.

"Umekisoma chote?" akauliza jini.

Jiwe likafika kiunoni. Salha akalia. "Sikukisoma chote. Kurasa kumi na mbili za mwisho zimeliwa na mchwa. Miaka tisa nawasifia watu mwisho nisioujua, kwa kuona haya. Najua mpaka pale mwanamke anaposikia hatua za mtu juu ya kisima, basi."

Jiwe likakoma. Jini akakipokea kitabu, akasoma, akafika kwenye kurasa zilizotafunwa, na ukumbi ukatetemeka, vumbi likamwagika.

"Anatoka? Niambie, binti Adamu. Anatoka?"

"Anayeujua mwisho ni mmoja tu, aliyekisoma kabla ya mchwa. Aliniahidi kunisimulia siku ya harusi yetu. Nawe umemfanya jiwe."

Jini akapiga ukelele uliowalaza kifudifudi watu wa sokoni. Kisha akapuliza, na jiwe likamtoka Salha, na mlangoni watu sita wakavuta pumzi.

Harusi ikafungwa Ijumaa iliyofuata ndani ya Nyumba ile ile, na Sultani akawatunuku dhahabu na jumba, na wageni wote wakabanana karibu na mlango, sababu mnaijua. Idarusi akausimulia mwisho. Akasema hatua zile zilikuwa za yule yule aliyemfungia mwanamke, na kwamba alisimama juu ya kisima muda mrefu, akiogopa atakachofanyiwa, kisha akateremsha kamba.

Sultani akaitazama pete yake, kisha akaivua mbele ya raia zake.

Jini akasimama, na watu wakafunika nyuso. Akapita katikati yao asimguse mtu, akainama mbele ya bibi harusi, akaomba kitabu kilicholiwa na mchwa, akaondoka nacho.

Na tangu siku hiyo, huko Zumaridi, anayempendekezea mwenzake kitabu husema kwanza ameishia ukurasa wa ngapi, hata Waziri. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Mimi hii yangu nimeifikisha mwisho.