Kiatu cha Kushoto cha Fundi Shekue

Hapo zamani, lakini mihuri ilikwisha kuwapo, fundi cherehani aitwaye Shekue alikatwa mguu wa kushoto. Akaomba mafao ya ulemavu. Wakubwa wakamjibu kwa barua: fundi hushona kwa mikono, na mikono anayo yote miwili. Shekue akakitazama cherehani chake cha kukanyaga, akakata rufaa.

Akangoja mwaka mzima. Ikaja tarehe ya kusikilizwa: Alhamisi, saa tatu, asipoonekana faili linafungwa. Ikaja na ya pili, ya hospitali: Alhamisi hiyohiyo, saa tatu, daktari amsainie fomu, na bila fomu hakuna rufaa. Akaomba wasogeze. Huku wakamwambia kawaambie wale, kule wakamwambia kawaambie hawa.

"Miguu miwili ilikwenda mahali pamoja," akawaza, "huu mmoja wanautaka mahali pawili."

Akamwambia mkewe, Sikudhani: "Nishikie nafasi ya rufaa. Nikishinda, cherehani ni chako." Akamwambia jirani yake, Mzee Ngereza: "Nisaidie hospitali, cherehani ni chako." Akamwambia shemeji yake Hoza, mwenye baiskeli: "Niwahishe, cherehani ni chako." Kila mmoja kwa wakati wake, pembeni. Mguu ulikatwa, mdomo waliuacha.

Alhamisi, Sikudhani akaweka kwenye foleni kiatu cha kushoto cha mumewe, kipya, hakijawahi kukanyaga vumbi. Jina lilipoitwa akakiinua. "Yupo. Nusu yake imetangulia." Karani akacheka, akamsogeza mwisho badala ya kumfuta.

Hospitali, Mzee Ngereza alikuwa namba moja, aondolewe ukungu wa macho. Akampa Shekue namba hiyo. Shekue akasainiwa fomu; mzee akapangiwa miezi sita mbele.

Hoza akampakia. Mlimani mnyororo ukakatika. Akambeba mgongoni mpaka mbele ya wakubwa, wakiwa tayari wanakusanya mafaili. Shekue akashinda.

Jioni watatu wakakutana mlangoni kwake.

"Bila mimi faili lingefungwa asubuhi," akasema Sikudhani. "Mngemleta asikilizwe nini?"

"Bila mgongo wangu, dada, kingesikilizwa kiatu peke yake."

"Na fomu aliipataje?" akauliza Mzee Ngereza.

Hoza akacheka. "Wewe mzee, cherehani cha nini? Tundu la sindano hulioni."

"Leo ningeliona," akasema mzee.

Shekue akavaa kiatu chake kimoja, akatafuta pa kukimbilia, hakupaona.

Haya, nyinyi mnaocheka: cherehani ni kimoja. Je, ni cha nani?