Mechi Iliyotangazwa kwa Mgongo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na shule za sekondari, shule zilikuwa na wakuu, na wakuu walikuwa na vichwa vigumu. Habari za siku hizi msiniulize.

Shule ya Kilimani ilikuwa inacheza fainali ya kandanda ya wasichana na Shule ya Bondeni. Beki wa Kilimani alikuwa Mashavu, binti yake Mama Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, hajai hata kapuni, lakini koo lake! Akiita kutoka juu ya jiwe, vijiji viwili vinaitika. Kila mechi Mama Pimbi alipanda jiweni akatangaza, na wazee na wagonjwa wakasikia wakiwa majumbani.

Safari hii bibi yake Mashavu alikuwa kitandani, mguu umevunjika.

"Mjukuu wangu anacheza mechi yake ya mwisho shuleni, nami nimelala hapa!" akamwambia Mama Pimbi. "Basi angalau niisikie, mwanangu."

"Utaisikia, mama."

Kufika uwanjani, lahaula! Kifaru amekaa mezani na baragumu kubwa.

"Wewe! Shuka jiweni! Haki ya kutangaza ni yangu peke yangu. Nimeipa shule mabenchi kumi, na Mwalimu Mkuu ametia sahihi."

Mama Pimbi akamkimbilia Mwalimu Mkuu Nyati.

"Mwalimu, Kifaru haoni! Juzi kakiamkia kichuguu!"

"Mkataba ni mkataba," akasema Nyati, akasoma: "Yote yatokeayo ndani ya mistari ya kiwanja atayatangaza Kifaru. Mwingine akiyatangaza, atafukuzwa."

"Hata kama ni kwa ajili ya mama yangu mgonjwa?"

"Hata."

Jamani! Mimi ninayesimulia tu nachoka.

Prriii! Mpira ukaanza. Kifaru akapuliza baragumu, puuu!

"Naona... kitu. Kinakwenda... kule. Mmoja amekipiga. Au ni mwamuzi? Wapenzi wasikilizaji, njooni muoge kwenye tope la Kifaru! Tope laini! Tope la familia nzima!"

Bondeni wakafunga bao, yeye bado anasifu tope lake.

Mama Pimbi akasonya, mfyuu! Akapanda jiwe lake, akakipa kiwanja mgongo, akawatazama wazazi.

Maana wanyama wale walikuwa na desturi yao. Mtoto akifunga bao, mama yake husimama, hurusha kanga juu na kupiga vigelegele peke yake. Wengine hawanyanyuki mpaka mwenye mtoto amalize.

"Mama Ngedere wa Bondeni amekwisha kaa, kanga iko begani!" Mama Pimbi akapaza sauti. "Wazazi wa Kilimani wamejishika vichwa! Sasa wananyoosha shingo... wananyoosha... Mama Swala karusha kanga! Lililililiii! Sasa sare, moja kwa moja!"

Vijiji viwili vikapiga kelele, eeeh!

Kifaru akaja mbio, kishindo gidi gidi, Nyati nyuma yake.

"Anatangaza! Mfukuze!"

"Natangaza nini, Bwana Kifaru? Mpira sijauona hata mara moja. Natangaza akina mama, nao wamekaa nje ya mistari."

Nyati akasoma mkataba. Akausoma tena. Akaugeuza, labda nyuma kuna kitu.

"Ni kweli," akasema, uso umemshuka. "Lakini ukigeuka tu, Mama Pimbi, ukatazama kiwanja, unatoka."

"Nitakaa hapa hapa kumlinda!" akanguruma Kifaru. Baragumu akaliacha mezani, na mechi ikabaki bila mwenye haki yake.

Dakika ya mwisho ikafika. Mama Pimbi akasikia mbio nyuma yake, miguu puta puta puta, mtu anapiga kelele, "Piga, Mashavu! Piga!" Mwanawe! Ambaye hajawahi kufunga tangu aanze shule! Shingo ikamwasha. Kifaru amemkodolea macho, pua karibu imguse.

Hakugeuka.

Bumu! Uwanja ukanyamaza. Mama Pimbi akawatazama akina mama wa Bondeni: hakuna aliyesimama. Akawatazama wa Kilimani: Mama Swala kakaa, wote wamekaa. Akachanganyikiwa.

"Hakuna aliyenyanyuka!" akatangaza. "Wananitazama... wote wananitazama mimi. Mbona wanani... Mamaaa!"

Akaivua kanga, akairusha juu ya pembe za Kifaru. "Lililililililiii!"

Kule nyumbani, bibi aliposikia vigelegele vya binti yake hakungoja aambiwe jina. Akapiga vyake pale pale kitandani.

"Nani kafunga?" Kifaru akauliza, kanga imemfunika macho. "Jamani, nani kafunga?"

Na bao lenyewe, wanangu, Mama Pimbi hakuliona, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Nanyi mliosikia, shikeni hili: anayejitwalia haki ya kusema peke yake, kwanza awe na la kusema.