Komeo la Mama Maombi

Waliosema kwamba nyumba njema si mlango hawakuwahi kutafuta chumba cha kupanga Lilongwe, wala hawakumjua Maombi, mshonaji wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Walichokusudia ni kwamba wema wa nyumba hauonekani ukiwa umesimama nje. Shurti uingie ndani uone watu wanaishije. Maombi aliyasikia maneno hayo tangu utotoni na hakuyakubali hata siku moja. Kwake yeye nyumba ilikuwa mlango, na vilivyobaki vilikuwa udongo tu.

Alikuwa na sababu zake. Kule kwao Fizi, Kongo, mlango wa nyumba ulikuwa wa mbao nyepesi, na usiku mmoja ulivunjwa kwa teke moja. Mumewe alitolewa nje na hakurudi tena. Tangu hapo Maombi hulala ameuelekeza uso wake mlangoni. Alipofika Dzaleka, mahali ambapo kuta za kila mtu ni za tofali mbichi na anayehama huung'oa mlango wake akaenda nao, alishona nguo za watu mpaka akapata mlango wa mbao ngumu, wenye komeo la chuma nene kama mpini wa jembe. Paa lilivuja kila masika, lakini mlango ulikuwa mlango.

Ndiyo maana binti yake, Annuarite, alipopata kazi katika kiwanda cha magodoro mjini Lilongwe, furaha ilikuja na masharti. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kiwandani. Alikuwa amejifunza ufundi wa mitambo kwa muda mrefu, akangoja kibali cha kufanya kazi nje ya kambi kwa muda mrefu zaidi, na sasa alitakiwa kuanza Jumatatu.

"Utaenda," mama yake alisema, akikata uzi kwa meno. "Lakini chumba ikuwe na mulango ya chuma. Kama chuma hakuna, njo kusema kazi hakuna. Utarudi hapa, tutashona."

Annuarite alimjua mama yake. Hakuwa mtu wa kusema kitu halafu akakisahau.

Jumapili, baada ya ibada, alitembezwa mjini na Papa Gélase, shemasi wa kanisa lao ambaye siku hizi huuza vitambaa katika soko la Tsoka. Walianzia mtaa wa Chilinde. Hapo Annuarite aliuona mlango wa ndoto zake: chuma kitupu, rangi ya buluu, ua la chuma limechomelewa katikati, na makufuli matatu yamening'inia yaking'aa. Aliupapasa kama mtu apapasaye ng'ombe wa mahari.

"Papa Gélase, ni hiki hiki! Tusiende tena kwingine."

Lakini mwenye nyumba, kwa upole wa mtu asiyekosa wapangaji, akawaambia kwamba chumba kilikuwa kimechukuliwa asubuhi ile ile. Aliyekichukua alikuwa Bucumi, kijana Mrundi aliyeajiriwa pamoja na Annuarite katika kiwanda kile kile. Annuarite alitamani kulia, na kama si kumwonea haya shemasi angelia kweli.

Walizunguka hadi jua likaanza kuinama, wakaishia Chinsapo, kwenye ua uliozungukwa na vyumba vya tofali za kuchoma vilivyotazamana. Mwenye nyumba, Mama Naphiri, alikuwa akikaanga mandazi papo hapo kwenye njia ya kuingilia, hivi kwamba hakuna aliyeweza kupita bila kulikwepa jiko lake na kumwamkia. Chumba kilikuwa kikavu na safi. Mlango, hata hivyo, ulikuwa mbao tatu zilizopigiliwa ovyo, na kitasa chake kilikuwa kamba ya kufungia kwenye msumari.

"Hapa wanafunga kwa kamba?" Annuarite alimuuliza Papa Gélase kwa sauti ya chini.

Mama Naphiri alielewa bila kutafsiriwa. Akacheka, akasema kwa Chichewa kwamba kamba inatosha.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Annuarite hakuwa na mbele wala nyuma, akakichukua chumba. Jioni simu ikalia, naye akajua ni nani kabla hajaitazama.

"Mulango iko aje?" mama aliuliza, hata salamu hazijamalizika.

"Iko muzuri, mama."

"Unafungaka na nini?"

"Allô? Allô? Mama, réseau inakatika..."

Akaikata mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia, akisahau kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Kazi ilimpokea vizuri. Alipewa mashine ya kukata sponji, na wiki chache hazijapita alikuwa akiifahamu kwa mlio wake, ikiwa nzima na ikiwa na tatizo. Kilichomkera ni majirani. Akitoka waliuliza anakwenda wapi; akirudi waliuliza mbona amechelewa. Siku moja Papa Gélase alipomletea mkeka, aliulizwa maswali na wanawake watatu kabla hajafika mlangoni. "Hawa ni majirani au ni polisi?" Annuarite alinung'unika, na tangu siku hiyo akawa anawapita haraka haraka, zikomo moja ya salamu, kisha anaifungua kamba yake.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Asubuhi moja Bucumi, aliyekuwa amemaliza zamu ya usiku, alirudi kiwandani amevaa shati la kuazima, macho mekundu.

"Wamenimaliza, dada yangu," alisema. "Godoro, nguo, sufuria, hata kandambili. Nimerudi kutoka zamu ya usiku nikafungua makufuli yangu yote matatu, moja baada ya jingine, nikaingia, nikaona mwanga wa jua."

"Mwanga kutoka wapi?"

"Kutoka ukutani. Ule ukuta ni tofali mbichi iliyopakwa rangi. Wametoboa kwa nyuma tundu la kupitisha mbuzi. Mlango haujaguswa hata kidogo!"

"Na majirani?"

"Walisikia nyundo. Kila mmoja alidhani ninafanya matengenezo. Mimi siwajui, wao hawanijui."

Annuarite alimhurumia, lakini hofu ilimzidi huruma. Ikiwa chuma na makufuli matatu havikumsaidia mwanamume yule, kamba yake ingesaidia nini? Zamu ilipokwisha alipanda kabaza, akamhimiza kijana wa baiskeli akanyage kwa nguvu.

Alipofika alikuta watu wamejaa uani. Wezi wamekuja kweli! Akapenya katikati ya watu, na pale mbele ya chumba chake, juu ya mkeka, akamwona mama yake.

Maombi alikuwa ameketi miguu imenyooka, uso umekunjamana. Pembeni yake alisimama jirani mmoja ameshika mwiko mkubwa wa nsima, ugali wa huko, kama askari ashikavyo rungu. Nyundo, misumari na komeo la chuma nene kama mpini wa jembe vilikuwa vimewekwa mbali naye, chini ya ulinzi wa jiko la Mama Naphiri. Mbele yake palikuwa na sahani ya nsima na maharagwe, imeliwa nusu.

"Annu!" Mama Naphiri alipaza sauti kwa Chichewa. "Unamjua huyu? Tumemkuta anapigapiga mlango wako kwa nyundo. Anasema ni mama yako. Lakini mwizi naye ana mdomo. Tumesema akae hapa, ale, mpaka urudi umtazame uso."

Macho yakamtoka Annuarite pima. "Ni mama yangu mzazi," akasema.

Ua ukalipuka kwa vicheko na radhi. Aliyeshika mwiko alipiga magoti, akamwamkia Maombi kwa mikono miwili. Maombi hakucheka. Alimtazama binti yake, akautazama mlango wa mbao tatu, akaitazama kamba. Kiwanda, mashine yake, zamu ya kesho, vyote Annuarite aliviona vinaondoka.

"Mama, nilikudanganya," alisema. "Unisamehe. Chumba cha chuma nilikikosa."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Mwenye mulango muzuri anasemaka rangi yake." Maombi alionyesha komeo kwa kidole. "Nilikuletea ile ya kwetu. Nikasema, kama mtoto hana chuma, mi nitamupelekea chuma. Sijapiga hata musumari mbili, bale bamama bakanishika mukono! Nikabaambia mi njo mama yake. Bakanikatalia. Nikataka kwenda, bakanikatalia. Nikasema nina njaa, njo bakaleta bugali."

Ndipo Annuarite akaliangalia vizuri lile komeo, na wazo likamjia.

"Mama, komeo iko hapa. Nyumba yetu kule umefunga na nini?"

"Na kamba," Maombi alijibu bila kufikiri. "Espérance wa jirani anaiangalia. Nani atapita mbele ya Espérance?"

Maneno yake mwenyewe yakamrudia. Alimtazama Mama Naphiri, ambaye tayari alikuwa amerudi kwenye mandazi yake, jiko limeziba njia, macho kwa kila apitaye. Akamtazama yule wa mwiko. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo kidogo, halafu mpaka machozi, akijipiga mapajani. Annuarite alishusha pumzi aliyoibeba tangu ile simu ya kwanza.

"Ubaki nayo kazi yako," mama alisema akijifuta. "Mi mwenyewe bamenishika, mwizi atapitia wapi?"

Alasiri hiyo Maombi alijinyoosha kwenye godoro la binti yake, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya upepo. Annuarite alipoingia na maji ya kunywa alimkuta amelala fofofo, uso ukutani, mgongo mlangoni. Hakuwahi kumwona mama yake akilala hivyo. Alisimama pale na kikombe mkononi, akalia kwa furaha kimya kimya asimwamshe.

Bucumi alihamia ua ule mwezi uliofuata. Kabla ya kuondoka Maombi alikuwa amekataa kumwachia lile komeo, akisema kijana huyo chuma anacho cha kumtosha. Anachohitaji ni Mama Naphiri. Mama alirudi nalo Dzaleka. Na mpaka leo mteja akimuuliza kama kweli binti yake amepata nyumba ya mlango wa chuma huko mjini, Maombi hukata uzi kwa meno na kujibu, "Mulango yake ni kamba, na mi ninalala. Nyumba njema si mlango."