Kwa Nini Alumini Hulazwa Matanga

Mnaniuliza kwa nini mafundi wa kusubu wa Mtaa wa Majivu hawakupi chombo siku kinapotoka tanurini. Mwanzo haikuwa hivyo. Zamani waliyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga mbichi ili ipate umbo asubuhi, na jioni mwenye mali alikuwa ameshaondoka nayo.

Fundi aliyesifika alikuwa Lukindo. Ndiye aliyesubu kapi la kisima cha Mbugani, lile gurudumu linalopitisha kamba. Siku moja mchimba visima, Kibwana, alikuwa akishushwa kwenda kuzoa matope. Kapi likapasuka, naye akaanguka. Lukindo alipookota vipande alikuta ndani vijitundu tele, kama mkate wa kumimina. Mchanga ulikuwa na maji, na mvuke wake ulinaswa ndani ya alumini.

Kibwana akiwa hoi kitandani, Lukindo alitengeneza kalibu ya chuma, akamimina kapi jipya taratibu. Alumini ikapoa upesi, ikatoka imeshikamana, bila tundu. Hata hivyo ilikuwa laini; tupa iliila kwa urahisi. Akakumbuka jinsi visu vinavyofanywa vigumu. Akalirudisha kapi tanurini, akalipasha moto bila kuliyeyusha, akalitosa majini. Likatoka laini kuliko awali. Akaliweka rafuni kwa uchungu, na kabla jua halijatua akaletewa habari kwamba Kibwana amefariki.

Karakana ikafungwa. Matanga yalipoanuliwa, Sikudhani, mjane wa Kibwana, alifika mlangoni.

"Shemeji, watu wanachota maji dimbwini na watoto wanaharisha. Tupe kapi."

"Ninalo moja, ila ni laini. Sitaki kuzika mwingine."

"Lijaribu nikiona."

Lukindo akachukua tupa. Ikateleza. Akasugua kwa nguvu zaidi, ikateleza tena. Siku zote za msiba hakuna aliyeligusa kapi lile. Lilikuwa limekomaa lenyewe, kimyakimya. Akaketi chini, akalia. Sikudhani alimwacha alie, kisha wakalibeba pamoja hadi kisimani, wakaning'iniza gunia la mchanga zito kuliko mtu. Kapi halikutikisika.

Kuanzia hapo, chombo kikishatoka majini hulazwa pembeni, wala hakiguswi hadi kikomae. Ukienda pale na haraka zako, watakupa kiti, na fundi atakwambia bila utani wowote:

"Bado kiko matangani."