Ndevu za Bi Fuko

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni. Siwema, acha kuchokoa moto! Zamani, wanyama walipokuwa na mji wao na wazee wao, aliishi Bi Fuko, fundi wa visima. Mfupi, macho madogo kama punje za ufuta. Lakini akiweka pua chini, anajua maji yalipo.

Mwaka huo mvua ikagoma. Mto ukakauka, watoto wa Bi Fuko wakalia kiu. Wazee wakatafuta mchimba kisima. Na desturi ya mji ule, anayetaka kazi hupimwa ndevu kwa shubiri!

— Ndevu? Za nini?

Hata mimi najiuliza! Bi Fuko akaenda. Mzee Nyani akampapasa kidevu. "Hakuna kitu! Tena mwanamke. Rudi jikoni, bibi." Kazi akapewa Bwana Beberu, ndevu shubiri mbili. Akachimba, akachimba, vumbi tupu.

Bi Fuko akarudi. "Mzee Nyani, maji yako pale kwenye kichuguu. Nimeyanusa."

"Ndevu zimeota?"

"Hazijaota."

"Basi kwaheri." Kazi akapewa Bwana Nyumbu, shubiri tatu. Akachimba, akachimba, mawe matupu.

Bi Fuko akakasirika, jamani! Akachukua nyuzi za katani, akazifunga kidevuni, zikaburutika chini. Akaenda tena.

— Wakamjua?

Wapi! Mzee Nyani akapima mpaka vidole vikachoka. "Shubiri sita! Karibu, bwana mkubwa! Huyu ndiye fundi!"

Akachimba penye kichuguu, akachimba, maji hayo! Watoto wake wakanywa, mji ukanywa. Ndevu zikalowa, zikadondoka. Kila mtu akaona: kumbe Bi Fuko!

Mzee Nyani akaziokota, akazikumbatia. "Ndevu hizi hodari! Kisima kimoja hakitutoshi. Zitatuchimbia cha pili."

— Hee! Mjinga huyo!

Tena sana. Bi Fuko akasema, "Zichukueni, wazee wangu," akaenda zake kulala. Wakaziweka ndevu juu ya ardhi, wakazizunguka, wakasubiri. Siku moja. Siku mbili. Siku saba! Hata shimo la sisimizi hazikuchimba.

Wakaenda kwa Bi Fuko vichwa chini. "Fundi, tusamehe. Tuchimbie wewe."

Akatoka, mikono kiunoni. "Nitachimba. Lakini kuanzia leo, anayetaka kazi apewe jembe, tumwone akichimba. Wewe Mzee Nyani, shika jembe, anza."

Basi wanangu, ukimtafuta fundi tazama kazi yake, kidevu mwachie mwenyewe. Mimi nimefika mwisho wa ngano; mwenye kiu, mtungi ule pale.