Chungu Kisichooshwa

Wahenga hawakusema kwamba kila unyasi una nyoka. Walisema tu kwamba mguu uliowahi kung'atwa haupati usingizi, hata ukinyooshwa mahali palipofagiwa. Ruqayya wa mtaa wa Bwaise alikuwa na mguu wa namna hiyo.

Msimu wa mvua uliopita mtaro ulifurika, maji machafu yakaingia hadi chini ya kitanda, na binti yake Shamim akaharisha mpaka akawa mwepesi kama unyoya. Alilazwa hospitali ya Mulago, akapona. Lakini moyo wa mama yake haukurudi naye nyumbani. Tangu hapo nyumba ilinuka dawa ya kuua viini. Ruqayya aliosha sakafu, akafuta kitasa, akairudia sakafu. Chupa ilisema kifuniko kimoja kwa ndoo. Yeye alimimina mpaka macho yakawasha. Akiketi, aliinuka. Akiinuka, alitafuta kitambaa. Viganja vyake vilipasuka kama udongo wa kiangazi.

Jirani yao Perpétue, Mkongo aliyekaanga maandazi ng'ambo ya mtaro, alikoma kuwatembelea siku Ruqayya alipofuta kiti alichotoka kukikalia, naye hajafika hata mlangoni akienda zake.

Mama mkwe, Bi Mwanawetu, aliyekaa nao, aliyaona yote. Alikuwa na chungu cha vitumbua alichorithi kwa mama yake, na chungu hicho hakikuoshwa abadani. Kila alipokwisha kupika, aliacha mabaki ya uji yashikamane na kuta zake, akakifunika kawa. Mchele mpya uliosagwa ukitiwa humo, uliumuka wenyewe bila hamira.

"Shamim, kitendawili!" Bibi aliita asubuhi moja.

"Tega!"

"Mgeni wangu hana mguu wala mkono, lakini akilala kwangu nyumba yavimba."

"Chachu ya Bibi!" mtoto alicheka.

Ruqayya hakucheka. Pua yake ilikuwa imenasa uchachu ule, na kwake yeye ulinuka mtaro.

Kesho yake ilikuwa hitima ya marehemu mume wa Bi Mwanawetu, na kila mwaka vitumbua vya chungu kile ndivyo vilivyopelekwa msikitini. Asubuhi hiyo hiyo, Bibi alipokwenda kusagisha mchele, Ruqayya alikitwaa chungu, akakisugua kwa dawa kali isiyotiwa maji, akakirudisha chini ya kawa. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

Adhuhuri Bi Mwanawetu, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu, alimimina uji wake chunguni. Harufu ya dawa hakuishuku. Nyumba nzima ilinuka hivyo. Alasiri akafunua: uji umelala kama maiti. Akangoja, akafunua tena. Hata povu moja hakuna.

"Mkono wangu umekufa," alisema kwa sauti ndogo. "Labda marehemu havitaki tena vitumbua vyangu." Akachovya kidole, akakipeleka mdomoni.

"Usionje, Mama! Mna dawa humo!"

Bibi alikishusha kidole polepole.

"Kikombe changu unakifuta. Mkeka wangu unaufuta. Leo chungu cha mama yangu. Basi, Ruqayya, hitima ikiisha nitahamia kwa binti yangu kule Ggaba, mpate kukaa bila uchafu."

"Si wewe, Mama!" Machozi yalimporomoka. "Naogopa. Mtoto alikuwa ananifia mikononi."

"Najua. Kwani mimi sikuwepo?" Sauti ya Bibi ililegea. "Lakini nyoka alitoka mtaroni, mwanangu, hakutoka chunguni. Dawa ina mahali pake: chooni, na sakafuni maji yakituingilia. Humu alikuwamo mgeni wetu, nawe umemuua."

"Hayupo mwingine popote?"

"Yupo. Nilimgawia Perpétue alipofika Bwaise mikono mitupu. Anamfuga mpaka leo."

Afadhali Ruqayya angeambiwa avuke ziwa kwa miguu. Akauvuka mtaro.

Perpétue alimwona, akainua mwiko wake juu. "Mama Shamim! Karibu kiti. Ao nikifute kwanza?"

Wateja wakaangua kicheko. Ruqayya akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa, na mafuta yake. "Nimekuja kuomba chachu, dada. Ya Mama nimeiua. Na kile kiti... nisamehe."

Perpétue aliviona viganja vyake, na mzaha ukamwisha mdomoni. "Mikono gani hii, dada yangu? Umefua mawe?" Akamega donge la unga uliochacha. "Bakuli zangu zote zina kazi. Leta hiyo mikono."

Donge lilikuwa vuguvugu, likimtekenya kwa vipovu vyake. Kila mshipa wa Ruqayya ulimwambia alitupe akimbie. Alikimbia kweli, lakini kwa Bi Mwanawetu, viganja vikiwa vimefumbatana.

Walikoroga uji mpya katika chungu kingine, maana kile cha urithi kilikuwa kimekwisha kunywa dawa. Alfajiri uji ulikuwa umepanda hadi ukingoni. Vitumbua vilikwenda msikitini vya moto, Perpétue amebeba sinia moja, na habari ya Ggaba haikutajwa tena.

Shamim akala chake, akaanza kulamba mafuta vidoleni. Mkono wa Ruqayya ukaruka kuelekea rafuni, kwenye chupa.

"Amenawa kwa sabuni," Bibi alisema. "Nimemwona."

Mkono ule ulisimama hewani, kisha ukarudi mapajani mtupu. Bi Mwanawetu akaushika, wala hakuna aliyecheka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.